Kwa Kaka Ambaye Mashine Yake Inajitolea

Kaka Masanja,

Shikamoo leo sikupi. Ninakuandikia kutoka machimboni Geita, mikono imepasuka kwa kugonga mawe, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Niliishia darasa la tano, na unajua kwa nini: nyumbani palikuwa na nafasi ya msomi mmoja, ukawa wewe.

Unakumbuka nilipopita ofisini kwako Shinyanga, kwenye kampuni ya pamba? Ulikuwa umekunja nne, unakunywa chai. Niliponyoosha kidole kwenye kompyuta uliruka kama mtu aliyeona nyoka.

"Usiguse! Iko kazini."

"Kazini vipi, na wewe umekaa?"

Ukacheka. Ukanieleza kwamba watafiti wa ng'ambo wana hesabu kubwa kuliko uwezo wa mashine moja, basi wanaikata vipande na kuwagawia watu wa nchi nyingi kwa njia ya mtandao. Kompyuta ya mtu ikikaa bure, inajitolea kukokotoa kipande chake na kurudisha jibu. Wanatafuta kitu ndani ya damu kinachofanya saratani ishuke kutoka kwa mama hadi kwa binti.

Nikamkumbuka bibi, kisha mama na titi lake lililooza. Nikamkumbuka dada yetu Kabula, aliyekuwa ameanza kuficha uvimbe chini ya khanga.

"Kwa hiyo mama hakurogwa?"

"Kurogwa wapi, mshamba wee! Ni damu ya ukoo."

Nilifurahi, kaka. Maana nyumbani walikuwa wameshaanza kumnyooshea kidole mama mdogo, mke wa pili wa marehemu baba. Eti alimla mama, sasa anamla Kabula, na ushahidi ni macho yake mekundu. Wewe unajua wekundu ule umetoka wapi. Kila alfajiri alipuliza moto wa mavi ya ng'ombe ili unywe uji kabla ya shule. Mama alipougua, ni yeye aliyemwosha kidonda, huku sisi, wanawe wa kuzaa, tumejificha nyuma ya zizi tumeziba pua. Ulinishika mkono pale, hukuuachia mpaka jua likazama. Siku hiyo nilikuona mtu.

Ukoo ulipoitisha kikao nilikuomba uje useme yale yale uliyoniambia. Ukajibu, "Mimi ni mtu wa ofisi, siingii mambo ya kishenzi." Mashine yako inawahangaikia wagonjwa wa Ulaya ambao hujawahi kuwaona. Lakini huyu aliyekulea wewe, humjui.

Nilikwenda peke yangu. Nikawaeleza habari za damu kwa Kisukuma, nikijikwaa. Baba mkubwa akaniuliza, "Hayo umeyasoma wapi, shimoni?" Mwingine akataka kujua hiyo mashine inapiga ramli kwa kuku mweupe au mwekundu. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Asubuhi yake tukakuta mlango wa mama mdogo umekatwakatwa kwa panga.

Nikampakia kwenye basi, yeye na Kabula. Kabula amelazwa Mwanza, anasubiri kufanyiwa upasuaji. Mama mdogo yuko nami hapa chini ya turubai, anawapikia wachimbaji, watu wasiojua hata jina lake. Anataka kurudi kwenye mpunga wake na kwenye kaburi la mumewe. Hawezi, mpaka asimame mtu wanayemwamini aseme hana hatia, na kikao kingine ni baada ya mavuno. Mimi wananicheka. Wewe unavaa tai, watakusikiliza.

Ninakudharau, kaka, na bado ninakuhitaji. Hilo ndilo linaloniuma kuliko nyundo.

Mama mdogo ameniomba nimsomee barua hii, nami nimemsomea mpaka hapa. Anasema nifute yote, niulize tu kama unakula vizuri.

Sijafuta.

Mdogo wako wa tumbo moja