Kofia Nyekundu Kutoka Roma

Alhamisi, 4 Agosti
Imefika! Kofia nyekundu, kutoka kwa Papa mwenyewe, ndani ya pipa, chini ya samaki wa chumvi. Basi mimi ni kardinali. Na mfalme hajui. Alishanikataza mbele ya baraza zima: anayepokea cheo cha Roma bila ruhusa yake, mali yote inakwenda, na yeye mwenyewe gerezani. Hata akiwa askofu. Hata akiwa mtunza muhuri wake, kama mimi. Hamo, mtunza mavazi yangu, kasema irudishwe leo leo. Mzee mwoga! Nimeifungia kashani.

Ijumaa, 5 Agosti
Sikuijaribu.

Jumamosi, 6 Agosti
Nimeijaribu. Muda wa kusali Baba Yetu mara tatu, basi. Joto kali, jasho likanitiririka. Lakini ilinikaa, jamani! Miaka ishirini nimeingoja.
Baadaye — rangi imechuja! Mstari mwekundu, umenizunguka kichwa. Sabuni, siki, majivu — wapi! Hamo: si nilikwambia, Baba Askofu? Nikamfukuza chumbani. Kisha nikamwita tena. Naogopa kukaa peke yangu.

Jumapili, 7 Agosti
Misa mbele ya mfalme. Kofia ya kiaskofu ilinisitiri, ila wakati wa kuinua Mwili wa Kristo lazima kichwa wazi. Nikaivua. 
Baada ya misa mfalme akaniita. Baba Askofu, nani kakupiga? Nikasema nimejigonga mlangoni. Nimedanganya na Ekaristi ingali kooni! Akacheka: mlango gani huo unaozunguka kichwa kizima? Watu wote wakaangua kicheko. Yeye akanyamaza ghafla, wao hawakujua waache lini. Kesho atamtuma tabibu wake anitazame.

Jumatatu, 8 Agosti
Nimejisugua kwa mchanga tangu alfajiri. Ngozi imebanduka. Hamo aliishika kofia aitupe motoni, nikamnyang'anya. Siwezi! Ee Mungu, hata sasa siwezi.
Tabibu yuko chini. Hamo anamchelewesha kwa divai, nawasikia. Baba Askofu anasali, anamwambia. Tabibu anajibu kwamba yeye hana haraka, mfalme kamwagiza jambo moja tu: anifute paji la uso kwa kitambaa cheupe, akipeleke.
Nimejifuta mwenyewe kwanza. Nyekundu. Nimeonja — chumvi. Damu kweli! Ashukuriwe Mungu, ni damu.
Wanapanda ngazi. Hamo anakohoa kwa nguvu, anapiga hodi.
Kofia ingali mapajani mwangu.