Sauti Uliyoiondoa

Machakos mjini,
Jumapili jioni.

Kwa kaka yangu Kitheka,

Pokea salamu zangu na za watoto. Huku hatujambo, ila mdogo anaota meno na mimi usingizi nausikia tu kwa watu. Mwaitu, mama yetu, goti lake linaendeleaje, siku hizi anafika kanisani? Na mvua, imefika Kathiani ama imewapita tena? Usishangae jirani yangu Nthambi akikuletea karatasi. Kwa simu ungenichekesha kabla sijamaliza, kama kawaida yako.

Unakumbuka dukani kwa Muiruri, ile televisheni ya betri ya gari? Tulikaa juu ya magunia tukitazama zile filamu fupi za zamani, hazina rangi, hazina sauti, ni kinanda tu, na wale watoto watundu wakianguka kwenye unga na kufukuzwa na mbwa. Tulizirudia na kuzirudia, na bado tulicheka mpaka Muiruri akasema tutampasulia magunia. Wewe ukauliza mbona hazichoshi. Mimi nikasema ni kwa sababu mtoto hajui kuigiza, analofanya ni la kweli. Kumbe ulilishika hilo neno.

Kwa hivyo likizo hii ulipoomba Kamene aje mtengeneze kichekesho kama zile, nilifurahi. Ana miaka mitano tu, lakini anko wake ni wewe. Ulipotuma video, niliionyesha kila mteja aliyeingia hapa kwa kibanda cha kushona. Kamene na gambuti za babake, anampelekea mbwa aliyefungwa tai sahani ya muthokoi wa mahindi na maharagwe, halafu anageuka, mdomo unaanza kutetemeka, kijiko kinaanguka, analia. Kinanda nacho kinakwenda mbio. Mama Wathome alicheka akajifuta macho na sketi niliyokuwa nimemaliza kumshonea. Mimi pia nilicheka, Kitheka. Nilijivunia.

Lakini tangu arudi, mtoto habanduki kwangu. Nikienda choo, yuko mlangoni. Nikichukua kikapu, anashika leso yangu kwa mikono miwili. Nilidhani anamwonea wivu mdogo wake. Juzi nikamketisha, nikamuuliza polepole, akasema Anko alimwambia mama amepanda ndege na mtoto mdogo, na hatarudi tena.

Nilikataa kuamini. Nikaifungua ile video nikatazama mdomo wake tu. Anaita mama. Anaita mama mpaka mwisho, na wewe ukaondoa sauti ukaweka kinanda, watu wacheke.

Wale watoto wa dukani kwa Muiruri sijui waliambiwa nini. Siwezi kuwatazama tena, hilo nalo umeninyang'anya.

Umeomba umchukue tena Agosti. Hapana. Ifute hiyo video, hata watu wakiipenda namna gani. Kisha uje. Simu uiache kwa Mwaitu, uketi na Kamene umwambie kwa mdomo wako kwamba ulimdanganya. Chai utapata, kwa sababu wewe bado ni ndugu yangu, na hapo ndipo panaponiuma.

Msalimie Mwaitu, mwambie dawa ya kuchua goti nitamletea. Kamene nimemuuliza kama anakusalimu, maana barua huisha hivyo. Anataka kujua kwanza kama ile ndege bado iko kwako.

Dada yako,
Mutanu