Mfuko Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Wamekata tena. Asubuhi asubuhi, hata uzi sijatia kwenye sindano, benki inanijulisha kwamba Bustani Saba Huduma wamechukua chao. Bustani gani? Maua gani? Ndilo jina wanalojifichia, ili mtu akisoma ujumbe wa benki asijue kwamba mwanamke wa miaka arobaini na minne analipia kutafutiwa mchumba kwenye simu. Stara hiyo tu ndiyo niliyoipata kwao.

Nilijiunga Januari. Siku tatu bure, walisema. Siku ya nne nikawa mwanachama wa mwaka mzima! Tangu hapo nimeongea na watu watatu. Wa kwanza alitaka nauli. Wa pili alikuwa anauza dawa za kupunguza tumbo. Wa tatu aliandika "mambo" kila asubuhi kwa siku kumi na moja, kisha akapotea. Huyo wa "mambo" nilishamzoea. Aibu kuandika, lakini ndivyo.

Leo tena: "Kuna mtu amekupenda!" Picha imefunikwa ukungu. Ukitaka kuona sura, lipia kifurushi cha dhahabu. Mama Vifungo alichungulia begani kwangu. Tunashirikiana chumba cha kushonea, yeye vifungo na mapindo, mimi mashine. Akasema hata maharage huchaguliwa kwenye mwanga, sembuse mume. Akacheka peke yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimejitoa. Yaani, nimejaribu.

Kitufe cha kujitoa ni kidogo kuliko kichwa cha pini, kijivu juu ya kijivu. Nikakibonyeza. Wakaniuliza, una hakika? Watu kumi na wanne watahuzunika! Nikabonyeza tena. Tuambie sababu. Nikaandika sababu. Wakanipa punguzo. Nikalikataa. Mwisho kabisa: mkataba ni wa mwaka, na taarifa itolewe siku thelathini kabla haujaisha, la sivyo unaanza upya wenyewe. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na sasa nalipia hata gunia.

Nikiwa na hasira hiyo Dada akapiga. Dada yangu mkubwa, karani wa mapokezi pale zahanati, mjane wa miezi minane. Anataka nimsaidie jambo. Kuna kampuni inakata pesa kwenye ile akaunti yao ya pamoja, yeye na marehemu. Zamani Shemeji ndiye aliyeshughulika na benki, yeye hakuwa anaangalia. Labda ni jarida la mafundi, anasema, au bima.

Nikamuuliza inaitwaje. Akasoma polepole, kama anavyosoma majina ya wagonjwa. Bustani Saba.

Nilisema sijui. Ulimi ulinitangulia.

Alhamisi, 6 Machi

Sijashona kitu cha maana. Nimeikazia macho ile picha yenye ukungu mpaka yamewasha.

Ukungu wameuweka usoni tu. Kuanzia shingoni kushuka chini, kila kitu kinaonekana. Shati la mistari ya buluu. Mfuko uko upande wa kulia!

Nikajiambia, picha imegeuzwa, simu hugeuza. Lakini nimeshona mashati miaka ishirini. Shati la kiume upande wenye matundu ya vifungo ndio unaolala juu, nao ni wa kushoto kwa mvaaji. Hapa umelala ulivyo, sawasawa. Picha haikugeuzwa. Ni mfuko wenyewe ulioshonwa kulia. Na kwenye mdomo wa mfuko kuna mwanya wa kalamu, nilioupinda kwa mkono.

Shati la namna hiyo nimeshona moja tu maishani. Shemeji alikuwa fundi wa mizani za madukani, akitumia mkono wa kushoto, na kalamu yake ilikaa kulia. Miaka miwili iliyopita alikuja na kitambaa. "Shem, nishonee moja la heshima. La kupigia picha." Picha ya nini? Ya kitambulisho, akasema. Pesa sikuchukua, ni shemeji. Hata pasi nilimpigia mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua ni nguo niliyoishona mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelipa. Mungu anisamehe, nimelipia kifurushi cha dhahabu.

Nilitaka uhakika. Labda shati liliuzwa, labda liliibwa kambani. Nikalipa, ikaja alama ya moyo: "Gusa hapa umwone." Nikagusa. Ukungu ukaondoka. Ni yeye. Lile tabasamu lake la kuomba radhi kabla hajakosa.

Chini yake maelezo. Mpole, hapendi makelele. Anatafuta mtu wa kuzungumza naye. Hana watoto. Hilo ni kweli, na Dada amelililia miaka. Halafu hali ya ndoa: mjane.

Mjane! Aliandika hivyo huku Dada akimfulia hilo hilo shati.

Nikiwa bado nimeduwaa ndipo nikaona maandishi madogo: "Hongera! Umempenda. Tumemjulisha." Kumbe ule moyo haukuwa pazia la kufungua. Ulikuwa salamu. Nimempelekea marehemu shemeji yangu salamu za mapenzi, na picha yangu juu.

Dakika nne baadaye likaja jibu. "Habari yako mrembo. Nimekaa nikikungoja." Kutoka kwake. Kutoka kwa mtu niliyemwona akifukiwa!

Ni kampuni inayoandika kwa jina lake, ili watu waendelee kulipa. Nalijua hilo. Lakini hapa hakuna wa kumficha, kwa hiyo niseme: kabla akili haijanirudia, kwa muda wa kumeza mate, nilifurahi kuitwa mrembo.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa Dada. Simu ya Shemeji ipo pale pale, juu ya kabati la vyombo, imechomekwa kwenye chaji. Dada haijui namba ya kuifungulia, lakini hupokea inapopigwa. Wenye maduka bado wanamtafuta fundi wao. Anawaambia mmoja mmoja kwamba amefariki. Nadhani anapenda kulitaja jina lake.

Tukiwa tunaosha sahani ikalia, ting. Kwenye kioo: Una ujumbe mpya. Basi, hakuna zaidi.

Dada akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga. "Wateja wake hao. Hawamsahau."

Sahani ikaniponyoka. Haikuvunjika.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga huduma kwa wateja. Muziki dakika arobaini. Mama Vifungo akaanza kuufuatisha kwa mluzi.

Akapokea binti, sauti tamu, anasoma mahali. Nikamweleza kwamba mwanachama wenu mmoja amekufa, tangu Julai. Pole sana, tunathamini uaminifu wako. Nikasema fungeni akaunti yake. Akasema kwa usalama wa mteja, akaunti hufungwa na mteja mwenyewe, athibitishe kwa kupiga picha ya uso.

"Amekufa, binti yangu."

Karatasi zikachakarishwa. Basi aingie kwenye mipangilio, achague Pumzika.

Nilicheka mpaka Mama Vifungo akasimamisha kazi. Kisha nikalia. Baadaye binti akashusha sauti, akaniambia pembeni kwamba cheti cha kifo kinakubalika, lakini kitumwe na mwenza wa marehemu. Mwenza! Yaani Dada. Nitamwombaje cheti bila kumwambia kwa nini?

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu kuufuta ule moyo. Kufuta moyo ni kifurushi cha almasi. Si utani. Nikalipa na hicho. Moyo ukapotea kwangu, na maandishi madogo yakanijulisha kwamba upande wa mwenzangu utabaki kama kumbukumbu.

Kodi ya chumba bado. Mama Vifungo ameniuliza mbona nimekonda. Nikasema mafua. Akanitazama, akanisogezea kikombe chake cha uji, hakuuliza tena.

Nimwambie Dada? Nikimwambia, namuua mara ya pili mtu anayemlilia. Nisipomwambia, anaendelea kulipia. Na nitasemaje nilijuaje? Kwamba nami nimo humo, mdogo wake, najinadi kwenye simu kwa picha ya harusi ya binamu, ambayo nimewakata wengine wote pembeni. Siku zote ndiye aliyenihurumia. Sitaki anihurumie na hilo.

Alhamisi, 20 Machi

Sketi sita, zipu tatu. Mrembo, mbona kimya? Ananiuliza marehemu. Kila siku saa tatu asubuhi.

Simu ya kabatini nayo inalia? Kila ninapofikiri hivyo mguu unateleza kwenye kanyagio.

Jumapili, 23 Machi

Dada ana furaha leo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, amejipaka mafuta mpaka miguuni. Amempata fundi simu karibu na zahanati anayeweza kufungua simu iliyofungwa bila kupoteza kitu. Anataka picha. Anasema humo lazima kuna picha zao, na za mwisho mwisho, na sauti yake labda.

Nikasema, "Dada, mwache apumzike."

"Amepumzika. Mimi ndiye sijapumzika."

Nikasema mafundi simu ni matapeli. Nikasema watamwibia namba zake za benki. Nikasema labda mwenyewe hakutaka. Hapo akaacha kukunja nguo, akaniuliza mbona jambo hili linanikera kuliko yeye mwenye mume.

Ilikuwa nafasi. Mlango umefunguliwa wazi, ningeingia tu. Nikasema naumwa kichwa. Akanipa vidonge viwili na maji, akanilaza kitandani kwake, upande wa Shemeji. Mwoga mkubwa mimi!

Jumatano, 26 Machi

Dada hajapiga. Kawaida hupiga kila akitoka kazini. Nimepiga mimi, imeita mpaka mwisho.

Ijumaa, 28 Machi

Ujumbe wa Dada, maneno mawili. "Njoo kesho."

Hakuna mdogo wangu. Hakuna umeamkaje.

Jumamosi, 29 Machi

Ninaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo, sebuleni kwa Dada. Jirani amegonga, anaulizia mambo ya maji, Dada yuko naye mlangoni. Niandike haraka.

Nilimkuta amevaa sare ya kazini, na leo si siku ya kazi. Simu ya Shemeji iko mezani, imefunguliwa. Pembeni yake lile shati, limepigwa pasi, limekunjwa, mfuko juu.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliongea kama aongeavyo na wagonjwa dirishani: jina, umri, tatizo. Akasema ameijua Bustani Saba ni nini. Akasema ameona mumewe alijiandika mjane, kana kwamba yeye ameshakufa. "Alinizika kwanza yeye." Kisha akageuza simu, akanionyesha picha yangu, ile ya harusi, na moyo mwekundu pembeni.

Nikasema yote. Januari, siku tatu za bure, ukungu, mfuko, kitufe. Nilivyopiga simu kule na binti akasoma karatasi yake. Nikasema yale majibu si ya Shemeji, dada yangu, angalia tarehe, maiti haandiki! Nikasema nilinyamaza kwa kumwonea huruma.

"Lini umeanza kunionea huruma?" Aliniuliza hivyo, kama anayetaka kujua kweli.

Akalilaza shati mapajani, akapitisha kidole kwenye mwanya wa kalamu, mara mbili, tatu. Akauliza kama nilimtoza. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa. Sijui alichohesabu humo.

Sijui ameniamini. Angenipiga kofi ningejua.

Halafu akanisogezea simu. Akasema nimsomee, kwa sauti, kila alichoandika mumewe na kila alichoandikiwa, nisiruke neno. Herufi ni ndogo, yeye haoni vizuri, miwani hajui ameiweka wapi. Nianzie juu kabisa.

Miwani ilikuwa usoni kwake.

Jirani anaaga. Nimeshika simu. Juu kabisa ni ujumbe wa leo saa tatu, una picha yangu pembeni: Mrembo, usinifiche, najua unanipenda. Dada amefunga mlango, nasikia anazungusha ufunguo. Anakuja kukaa.