Mpini Mmoja kwa Mkono wa Baba Yako

Igamba, Mbozi,
kwa njia ya Tunduma.
7 Novemba 1954.

Mpendwa mwanangu Danford,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini kwamba hewa ya mgodi wa Kitwe haijakudhuru kifua. Sisi tu wazima. Mvua ya kwanza imenyesha na mibuni imechanua yote kwa pamoja. Asubuhi siwezi kutofautisha ukungu na maua. Barua yako ya mwisho haikuwa na tarehe. Usirudie.

Baba yako, mdogo wangu Zebedayo, anakula vizuri. Lakini tangu mwamba wa mgodini umwachie vidole viwili tu katika mkono wa kushoto, hushinda barazani akilitazama shamba kama mgeni. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Chama chetu cha kahawa kinaagiza trekta dogo lenye beleshi kubwa mbele, lichukue samadi badala ya vichwa vya wake zetu. Mama yako mkubwa Tabita amelingoja kuliko wote, maana shingo humuuma hata hawezi kujigeuza kitandani.

Beleshi hilo hunyanyuliwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba ya mpira, nasi tulitakiwa kuchagua namna ya kuyaamuru. Trekta lililoko Mbeya tayari lina mipini miwili: mmoja hunyanyua, mwingine huinamisha, na dereva huitumia pamoja, kila mkono na wake. Lipo jingine la mpini mmoja ufanyao kazi zote mbili kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukibaki kwenye usukani. Lakini hilo litakuja kwa meli, msimu huu ukiisha. Yote mawili yana mahali pa kufungia mipira ya ziada, ili siku moja tuondoe beleshi, tuweke uma wa kubebea magogo.

Kwa kuwa hatujapata kuiona mashine hiyo, tuliijaribu uani kwangu. Tulichomeka mipini ya majembe ardhini mbele ya kigoda, Zebedayo akashika gurudumu la baiskeli, na Tabita, mwenye kikapu cha samadi, akawa beleshi. Kwa mipini miwili, vidole vya baba yako viliteleza. Alinyanyua bila kusawazisha, na Tabita, aliyetii kila amri, akamwaga samadi juu ya viatu vya mwenyekiti wetu, Abrahamu.

"Shemeji, mimi ni trekta, si punda," Tabita alisema. "Vuta taratibu."

Watu walicheka. Lakini kwa mpini mmoja kikapu kilipanda kikiwa sawa, kikaelea kidogo, kikashuka kama jani. Baba yako alikuwa amefumba macho. Nadhani hakuwa nasi tena uani. Alikuwa akipita katikati ya maua.

Kisha Abrahamu alisema kwamba kahawa haingoji meli. Zebedayo mwenyewe alimuunga mkono: "Chukueni la mipini miwili. Dereva atapatikana. Shingo ya shemeji haiwezi msimu mwingine."

"Shingo ni yangu," Tabita akajibu. "Msimu huu nitabeba. Ujao utaendesha wewe."

Nilitaka kumkataza, lakini alikwisha kujitwika kikapu. Chama kimeagiza la mpini mmoja.

Sasa baba yako hutembea kati ya mibuni tangu alfajiri, akipima kwa mikono palipo na nafasi ya magurudumu. Usimtumie pole tena. Mwulize habari za kazi.

Ama samadi, kila asubuhi kikapu kimoja nakibeba mimi. Hapa mwanamume wa umri wangu hajapata kuonekana na kikapu kichwani, na Abrahamu aliponikuta ukunguni aliniuliza kama ni mimi kweli. Nilimwambia angoje ukungu uinuke, anione vizuri.

Msalimie mkeo Aida na mtoto. Huku Tabita na bibi yako Fides wanakusalimu sana. Mungu akutunze uwapo chini ya ardhi, akupandishe salama kila jioni.

Mimi nikupendaye daima,
Baba yako mkubwa,
Fanueli