Jicho Lako Bado

Chumba cha nyuma, Studio,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba yale magoti yako yamekubali kupanda ngazi bila manung'uniko. Huku sisi ni wazima, Mama mzima, Baba mzima kiasi, na paa linavuja palepale ulipopaacha. Mama amekaa ubavuni mwangu kuhakikisha naanza kwa adabu, kwa hiyo nakuuliza hali mara mbili: hujambo, na hujambo tena.

Pili naomba radhi kwa ule ujumbe wangu wa wiki mbili zilizopita. Leo naandika kwa kalamu, taratibu, maana simu imeshatuponza.

Nilikuandikia kwamba jicho la Baba limeingia ukungu, na kwamba inabidi lifunguliwe lisafishwe, au litolewe tuweke jingine. Shangazi, nilikuwa nazungumzia kamera. Ile lenzi uliyomletea Baba ukiwa umeiviringisha ndani ya soksi, wewe uliiacha ikiitwa lenzi. Ulipoondoka tukaibatiza jicho, na humu ndani hakuna anayekumbuka jina lake jingine. Lete jicho, funika jicho, nani kashika jicho? Aliyeshika nilikuwa mimi, nina miaka minne, nikaacha alama katikati ya kioo, na ndiyo asili ya hili jina langu la Kidole. Haikunipitia akilini kabisa kwamba kuna mtu angesoma jicho akaelewa jicho.

Ukapiga simu unalia. Mama akapokea, akadhani umefiwa, naye akalia. Mpaka mkaelewana, ulikuwa umeshautangazia ukoo mzima. Jioni ile Mjomba alikuja na miwani myeusi, na jirani yetu mshonaji akaja kutoa pole. Wakamkuta Baba yuko juu ya ngazi anabadilisha taa. Alizipokea pole zote bila kuuliza ni za nini, na miwani akaivaa.

Basi kuanzia hapa nitasema jicho la kamera na jicho la nyama, tusichanganyane tena. Utaona huko mbele kwa nini nayahitaji yote mawili.

Jicho la kamera limeota ukungu ndani, kati ya kioo na kioo, nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui. Tulilipeleka kwa fundi saa, ambaye hutengeneza na kamera kwa kuwa hakuna mwingine anayethubutu. Alisema anaweza kulifungua na kulisafisha, lakini hawezi kuapa. Pengine ukungu umeshakila kioo chenyewe, na pete za ndani ni kuukuu, zinaweza kukubali kufunguka zikakataa kufunga. Au tuchukue pacha wake. Anayo lenzi ya aina ileile, safi, aliyouziwa na mteja aliyehama, akasema tuijaribu pale pale kabla ya kuamua.

Mimi nilitaka pacha. Baba hakutaka hata kumsikia, akasema jicho la dada yake halibadilishwi kama betri. Mama alikuwa upande wangu asubuhi, mchana akahamia kwa Baba.

Hata hivyo Baba akakubali kujaribu. Akamfunga pacha kwenye kamera, akachungulia kibao cha kinyozi ng'ambo ya barabara. Akasema hili nalo lina ukungu. Fundi akachungulia, akaona safi. Nikachungulia mimi, nikasoma mpaka namba ya simu ya kinyozi. Baba akalifuta kwa shati, akatazama tena, akasema ukungu upo, tena mwingi, na kwamba sisi wawili hatujui kutazama. Huyu ndiye mzee aliyenilea kwa methali moja tu, mwenye macho haambiwi tazama.

Fundi ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Mzee, hebu tumia jicho la kushoto."

Unajua maisha yake yote Baba huchungulia kamera kwa la kulia, la kushoto akalifumba. Akabadilisha. Kisha akaiweka kamera mezani polepole, akaanza kuulizia mikanda ya saa, yeye ambaye hajawahi kuvaa saa.

Shangazi, ulilia kwa kosa langu, kumbe ulilia mahali pake.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho, binti mdogo mwenye sauti ya upole. Akampima, akasema ni mtoto wa jicho. Baba akamjibu kwamba watoto wake anawajua wote, na huyu hamtambui. Daktari akacheka, kisha akatueleza. Ndani ya jicho la nyama nako kuna lenzi, na hiyo ndiyo iliyoingia ukungu. Haisafishiki. Hutolewa ikawekwa mpya, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ila tusikawie, maana mtoto wa jicho akikomaa kazi huwa ngumu. Ametupangia tarehe 27.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Tulipofika nyumbani Baba alituketisha, mimi na Mama, kama watu waliokuja kuposa.

"Nipeni kanuni moja," akasema. "Kama kitu cha zamani hutengenezwa, basi na langu lisafishwe. Kama hubadilishwa, semeni, nimwandikie dada kwamba lake tumelitupa."

Nikasema la kamera litengenezwe, la nyama libadilishwe. Akaniambia nauma na kupuliza. Kesho yake nikasema yote mawili yabadilishwe, akaniuliza nitaanza na yeye au na la kamera. Siku ya tatu Mama alisema anakwenda sokoni, na jikoni kulikuwa kumejaa kila kitu.

Tangu hapo sijielewi. Nalala nina jibu, naamka nina swali. Asubuhi naliona jicho la kamera ni kioo tu, kioo kina mwisho wake, tuchukue pacha tuendelee na kazi. Mchana namwona Baba anavyolifuta kwa kile kitambaa cha njano na kulirudisha ndani ya soksi yako, ndiyo, soksi bado ipo, na naona aibu kwa nilivyowaza asubuhi. Yeye ameshakata shauri. Yote mawili yabaki yalivyo, asiguswe yeye wala lisiguswe lake.

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama. Mwaka mzima sasa picha za Baba hazitoki vizuri. Akishawapiga wateja, mimi huwakimbilia mlangoni, nasema taa ilicheza, nawapiga tena kwa kamera yangu. Halafu naingia chumba cha giza, natoka na picha zangu, namkabidhi kama zake. Nilikuwa naamini kosa ni la lenzi, na nilidhani hata yeye anaamini hivyo. Sasa sina hakika. Nafikiri alikuwa anajua kuna kitu, na lile jicho la kamera lilikuwa linambebea lawama. Likisafishwa likawaka, kisha picha zikatoka vilevile, atabaki na nani wa kumlaumu? Anaogopa, Shangazi. Sijawahi kumwona Baba akiogopa, na sijui mtoto anapaswa kufanya nini akiona hivyo.

Ndiyo sababu nakuandikia wewe. Hapa nyumbani hakuna aliyemzidi umri, wewe tu ndiye uliyewahi kumfuta kamasi. La kamera ni zawadi yako, mwenye ruhusa nalo ni wewe. Mwambie lolote utakaloona linafaa: lisafishwe, lipumzishwe, au hata umtanie kwamba ulilipata kwa bahati mbaya. Ukilifungua lile, huenda na yeye akatufungulia hili. Sijui kama hesabu yangu ni sahihi. Fundi anasubiri jibu kabla mwezi haujaisha, na tarehe 27 haiko mbali. Usipige simu, atacheka tu akupe Mama. Mwandikie, kwa herufi kubwa.

Wasalimie binamu zangu wote wawili, na yule mjukuu wako mpya ambaye tumemwona kwenye picha tu. Mjomba anakusalimu, anaomba umweleze Baba amrudishie miwani. Mama anasema ameisoma barua hii yote isipokuwa ile aya niliyoifunika kwa mkono.

Ndani ya bahasha kuna picha. Alinipiga Baba jana, kwa jicho lako lenyewe, ili uone kwamba halina neno. Hii sikuibadilisha. Uso wangu hutautambua, lakini nyuzi za pazia lililo nyuma yangu unaweza kuzihesabu. Nyuma ya picha amekuandikia kwa mkono wake. Utasoma, "Dada, jicho lako bado," na utadhani hakumaliza. Alimaliza. Hakuona karatasi ilipoishia. "Zima" liko hapa juu ya meza yetu, kwa wino wa bluu. Mama alileta kitambaa cha kufutia, nikamzuia.

Mungu akulinde, na akuongoze kalamu.

Wako akupendaye, aliyekuchanganya naye akachanganyikiwa,

Kidole