Matanga ya Zohra kule Evere

Jumatatu, 6 Novemba 1995
Supu amekataa tena. Papa Larbi, muzee ninayemtunza hapa Evere, Brussels, anakunywa chai tu. Dada yake Zohra amekufa kwao Maghreb, na serikali ya kule imemkatalia kwenda kuzika. Nchi ile ile aliyoipigania! Wafaransa walimfunga, akaandika vitabu gerezani. Uhuru ukaja, wenzake wakamfukuza. Inaniuma kama nimefukuzwa mimi.
Bon. Nimelisha wagumu kuliko yeye. Kwetu Bukavu nililisha chui kwa mkono.

Jumanne, 7 Novemba
Nimepika sombe, majani ya muhogo, na sambaza, samaki wadogo wa kwetu. Harufu ilishuka mpaka kwa jirani wa chini. Hakugusa. Nikamsimulia vile nilimkaba kiboko kwenye mto Ruzizi. Akafungua jicho moja: "Wiki iliyopita alikuwa mamba, tonton." Mjomba, ndivyo ananiita.
Donc akili iko. Roho ndiyo imegoma. Anasema gerezani aligoma kula mpaka Wafaransa wakaogopa. Lakini wakati ule alikuwa kijana.

Jumatano, 8 Novemba
Docteur amekuja. Jumamosi akikuta bado hali chakula, anamrudisha hospitali kule Woluwe. Papa amesema safari hii akiingia, hatatoka. Ninamwamini.
Ninaogopa. Hata kwa kiboko sikuogopa hivi.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimepata! Brussels nzima ni mimi tu ningepata. Kwetu muntu akifa, watu wanajaa kwa mfiwa, wanaimba, wanakula pamoja. Matanga. Huyu muzee nani amekaa naye? Mimi na televisheni.
Nimepanda bus mpaka Ixelles kwa Maman Furaha, mwenye restaurant. Nimemwambia waziri mukuu wa zamani amefiwa. Waziri mukuu hakuwa. Alikaribia. Alete watu na chakula Jumamosi: kuku na samaki, nimesema, nguruwe hapana.

Jumamosi, 11 Novemba
Wamekuja! Salon, sebule ya Papa, ilijaa, wengine wakakaa kwenye ngazi. Kosa moja: nilisahau kumwambia mwenye nyumba, Papa mwenyewe. Papa Larbi akatoka chumbani na pijama, akakuta wamama wanaimba nyimbo za kanisa. Nikajua leo kazi imeisha.
Akauliza wanamlilia nani.
"Dada yako, Papa," Maman Furaha akajibu. "Jina lake nani?"
"Zohra."
Wakaliingiza jina ndani ya wimbo, papo hapo. Muzee akakaa, akalia. Mimi nilikuwa na mafua.
Chakula kikawekwa. Hakuna aliyegusa. Kwetu mukubwa ndiye anaanza. Na kwao, mgeni kushinda njaa nyumbani mwako ni aibu isiyosafishika. Anatuangalia, tunamwangalia. Sombe inapoa.
"Papa, tumepanda bus na masufuria kwenye magoti," Maman Furaha akasema. "Utatuua na njaa, ufiwe mara ya pili?"
Akacheka. Kicheko kikavu, lakini kicheko. Akasema bismillahi, akamega bugali. Akamega tena. Salon yote ikapumua.
Docteur alipofika alipewa sahani. Hospitali hakuitaja.

Jumapili, 12 Novemba
Mvua. Amekula yai na mkate. Ameomba meza isogezwe dirishani, anaandika juu ya Zohra. Mimi ninakunja nguo.
Bila kuinua kichwa ameniuliza yule kiboko alikuwa mukubwa namna gani.
Nimefungua mikono mpaka ikagusa kabati.
Hakubisha.