Redio Isiyofika Bondeni

Jumatatu, 2 Septemba

Nimepalilia kabichi hadi mgongo ukagoma. Jioni kikao cha kampeni nyumbani kwa dada. Mwanawe Halima, mpwa wangu, anagombea udiwani katika uchaguzi huu mdogo. Mpinzani ana gari la vipaza sauti, linapanda mpaka Mlola linashuka linaimba. Sisi tuna miguu.

Kina mama wamechanga maharage. Si ya kula. Ya mbegu, yale mekundu ya kupanda vuli. Walivyoyamimina nikavua kofia. Katibu wa chama akaandika kila debe, sheria ya gharama za uchaguzi inataka hivyo. Akauliza nani anajua mambo ya redio.

Nikasimama. Nikiwa darasa la tano niliinasa Redio Moscow kwa uma na waya wa kuanikia nguo, Mrusi akanisalimia kwa jina. Wakacheka. Kazi wakanipa.

Alhamisi, 5 Septemba

Lushoto mjini. Maharage yameuzwa, tangazo limenunuliwa. Kituo cha redio kina chumba ambacho ukikohoa kikohozi hakirudi. Nimekohoa mara kadhaa kuhakikisha.

Mama wa matangazo kanieleza kuwa kabla ya taarifa ya habari ni ghali, mchana rahisi. Kwa nini? Kwa sababu saa ya habari masikio ni mengi. Kumbe masikio nayo yanauzwa kwa jumla kama viazi! Nimeuliza maswali mpaka chai yake ikapoa.

Walitaka kijana wao asome. Nikakataa. Nikaanza na salamu ya Kishambaa, mama akasimamisha mashine: Kiswahili tu, kanuni. Nikaanza upya. Mimi mjomba wake Halima, mtoto huyu namjua, mkimpa kura barabara yetu itapitika masika yote, hakuna mjamzito atakayebebwa tena kwa machela.

Karatasi niliyopewa nisome ilisema tu kwamba barabara ataishughulikia. Karatasi ilikuwa dhaifu.

Jumapili, 8 Septemba

Tangazo la kwanza leo. Watu wamejaa kwa dada, wengine dirishani. Nikafungua redio. Mikwaruzo. Halafu mtu wa Kenya akisoma bei ya samaki.

Nikasema betri. Tukabadilisha. Samaki wale wale.

Dada akaanza kukusanya vikombe. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 10 Septemba

Tangu asubuhi natembea na redio mkononi kama kichaa. Darajani, hakuna. Msikitini, hakuna. Nyuma ya kanisa la Walutheri nimesikia nusu ya neno mjomba. Nimepanda mpaka jabali la juu kabisa, na hapo, jamani, sauti yangu! Safi, nzito, ya mtu mkubwa. Tena imegeukia upande wa pili wa mlima.

Nimempigia mnunuzi wangu wa kabichi kule Mgwashi, ng'ambo ya mlima. Anasema ananisikia kila siku, na angekuwa mpiga kura wetu Halima angeipata kura yake. Si mpiga kura wetu.

Basi sauti ya redio haipindi kona. Ikigonga mlima imegonga. Nimeuliza kila kitu pale kituoni ila hilo. Mama wa matangazo kasema kwenye simu kuwa kilichopita hewani hakirudishiwi fedha.

Mbegu za watu. Nina aibu. Naandika mara moja tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Gulio, soko letu la Alhamisi. Sikutaka kwenda, macho ya kina mama. Nimekwenda.

Nikasimama kwa Mama Neema, anayeingiza nyimbo kwenye kadi za memori za redio. Foleni ndefu. Nikajiuliza, hivi hawa wote wanasikiliza stesheni gani? Nikawauliza mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja. Shambani wanapiga kadi: Waislamu kaswida, Wakristo kwaya, wengine vyote. Redio zote za bonde zinapita mkononi mwa mama huyu, na mimi nilikwenda Lushoto!

Nikaomba kituo kinitumie tangazo kwenye simu. Wakatuma. Mama Neema akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mjomba, nikuweke kabla ya kwaya au baada ya kaswida?"

"Kote kote."

Kila anayejaza kadi anaulizwa kama anataka na Halima. Karibu wote wanataka. Katibu kaandika na hiyo.

Jumatano, 18 Septemba

Bonde zima linasema kwa sauti yangu. Natoka kwenye kabichi, natoka kwenye karoti, natoka pale wanapopasua mbao. Hata mama wa mpinzani ananipiga, anapenda kwaya inayonifuata. Rais hajapata kusikika hivi huku kwetu.

Halima amekuja. Hakuketi.

"Shikamoo mjomba. Nani alisema masika yote?"

Nikamwambia kampeni haitaki maneno membamba. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mbuzi aliyeingia shambani.

Ijumaa, 20 Septemba

Katibu kaja anahema. Kura ni kesho. Kampeni mwisho leo jioni, na tangazo likisikika kesho karibu na kituo cha kupigia kura tutawekewa pingamizi, ushindi unaweza kufutwa. Gari la mpinzani linazimwa kwa ufunguo mmoja. Mimi nimo katika kila nyumba.

Nimetembea mlango kwa mlango kuomba mtu asinisikilize. Sijawahi kufanya kazi ngumu hivi, na niliwahi kumfukuza chui kwa kofia. Bibi Mwanaidi kagoma, redio ni yake. Nimembembeleza mpaka akatoa betri akanikabidhi. Wengine wakamwiga. Nimerudi na mfuko wa betri.

Jumamosi, 21 Septemba

Kimya. Kituoni nimesikia mto. Sikujua unafika pale.

Jumapili, 22 Septemba

Halima kashinda. Si kwa mbali.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua imeshika. Kina mama wanapanda. Maharage nusu ya shamba, nusu imelala, mbegu hazikutosha. Wamechukua betri zao zote.

Asubuhi Halima kaniita pembeni. Diwani sasa, ila shikamoo bado anatoa. Kila anakopita anasikia masika yote, masika yote. Halmashauri imemwambia asubiri. Ananiomba nimwambie Mama Neema afute.

Nikaenda shambani kwa dada kuwaeleza kina mama kwanza. Dada hakuinua hata kichwa.

"Mbegu zetu zimo humo, kaka. Hatufuti mpaka gari lipite barabara hiyo masika."

Wenzake wakaendelea kufukia mashimo. Redio ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye kisiki, inaimba. Kaswida ikaisha, nikaja mimi. Nimesikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaomba jembe.